Je, ni dhambi kucheka mtu akiuawa katika filamu?

Mwaka 2010, hapa Kampala, Isaac Nabwana wa Wakaliga alitoa filamu ya mapigano, Who Killed Captain Alex? Jina lake linauliza nani alimwua Kapteni Alex. Filamu inaisha bila jibu, nao watoto wetu wanacheka. Wazazi wengine wanakasirika, kwa maana sisi tulikimbia bunduki za kweli.

Mimi sioni dhambi katika mchezo: mwigizaji aliyeanguka huinuka, akaenda kula. Dhambi ni kuzoea kifo cha mtu bila kuuliza habari zake. Mungu alimwuliza Kaini habari za Habili kwa jina. Basi, mzazi, usizime televisheni tu. Filamu ikiisha, mtajie mtoto mmoja wa kwetu ambaye hakuinuka, na jinsi alivyoishi. Kisha ombeni pamoja.