Gesi Tuliyoijaza Mara Tatu

Kiyoyozi cha gari letu kuukuu la kanisa kimekufa tena, na Agosti hapa Houston joto hupita nyuzi 35. Fundi alitueleza mapema: gesi hii haiishi kama petroli, ikipungua ujue inavuja. Sisi tukajaza tu, mara tatu, maana ilikuwa nafuu. Jumapili iliyopita bibi yetu mmoja alishuka akiona kizunguzungu. Sisi wauguzi tunajua baadhi ya dawa za presha hupunguza maji mwilini, na bado tulimpandisha. Yeremia 6:14 inawakemea wanaotibu jeraha juujuu. Tumemwomba bibi msamaha. Leo baada ya ibada tunachangia kuziba panapovuja. Hadi hapo wazee tutawachukua kwa magari yetu.