Kupoteza Mashariki

Vijana wetu wanaojifunza Kiingereza hulikuta mapema neno "disoriented", na walimu huwaambia kwamba maana yake ni mtu aliyepotea, asiyejua alipo. Tafsiri hiyo si mbaya, lakini imeacha nje kiini cha neno. Twapenda leo kulifungua, kwa kuwa ndani yake mna fundisho liwapasalo wazazi na watoto wao. Nasi tunaoandika kutoka Cheyo, katika mji wa Tabora uliokuzwa na njia ya misafara, tunao ushahidi wa fundisho hilo karibu na milango yetu.

Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa katika karne ya 17. Katikati yake limekaa neno la Kilatini "oriens", yaani linalochomoza: jua la asubuhi, na upande litokeapo. Ramani nyingi za Ulaya za Zama za Kati ziliweka mashariki juu, mahali ambapo ramani za leo huweka kaskazini. Na makanisa mengi ya kale yalijengwa altare ikielekea mawio ya jua. Basi, likitafsiriwa sawasawa, neno hilo halisemi "kutojua ulipo". Lasema "kupoteza mashariki".

Tofauti hiyo si ndogo. Mtu aweza kuingia pori asilolijua, lakini akijua jua latokea wapi, anapo pa kuanzia hesabu yake. Mwingine aweza kuketi nyumbani kwake, kila njia akiijua, naye asijue lolote la kupimia mema na mabaya. Wa kwanza ni mgeni tu. Aliyepotea ni huyu wa pili.

Lugha yetu nayo yalijua jambo hili. Mashariki ni neno tulilolipata kwa Waarabu, maana yake mahali pa kuchomoza. Magharibi ni mahali pa kuzama, na katika mzizi uo huo limetoka neno gharibu, yaani mgeni. Kaskazini na kusini twazitaja kwa pepo mbili, kaskazi na kusi. Hata jina la Wanyamwezi wengi hulieleza hivi: mwezi mwandamo huonekana kwanza upande wa magharibi, na watu waliotoka upande huo wakaitwa kwa jina la mwezi. Tena tunayo maneno ya kutofautisha makosa. Aliyekosa njia alikusudia vema akashika isiyo yake. Aliyepotoka aliiona iliyonyooka akaiacha. Mwenye busara hawahukumu wawili hao hukumu moja.

Basi twauliza: Je, kila akosaye njia ana hatia? Na kila asiyekosa njia, je, yu salama? Njia yetu ya kale yajibu maswali yote mawili.

Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini Tabora, ndipo alipokaa Dakta David Livingstone mwaka 1872, tangu Februari hata Agosti. Mtu huyo alikuwa na dira na vyombo vya kupimia jua na nyota, na hata hivyo alikosa jambo kubwa. Alidhani mto Lualaba ni mwanzo wa Nile, akatumia miaka yake ya mwisho kuufuatia. Baada ya kufa kwake Stanley aliufuata mto huo, na mwaka 1877 ukamfikisha bahari ya Atlantiki, kwa maana ndio mto Kongo. Walakini, Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya mto uo huo, Livingstone aliwaona wafanyaji biashara wakiwapiga risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Mwenyewe alikuwa amepata kuhitaji msaada wa wafanyaji biashara ya utumwa katika safari zake. Hata hivyo hakunyamaza. Aliandika aliyoyaona, na habari zake zikawatia watu wa Uingereza uchungu mkubwa. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa kwa mkataba. Habari za mto alikosa. Habari za damu hakukosa.

Alipofariki, Mei 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua. Oktoba walifika Kwihara, wakamkuta afisa Mwingereza, Cameron. Yeye aliwashauri wamzike papo hapo, maana njia iliyobaki ilikuwa ndefu na ya hatari. Shauri lake halikuwa la ubaya, naye alikuwa mkubwa wa cheo. Wakakataa. Walijua marehemu angetaka kulala kwao, wakaendelea kuelekea mashariki mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na mwili ukawekwa katika misheni ya Wakatoliki kabla ya kuvushwa Unguja. Chuma mwenyewe alikuwa mtoto aliyefunguliwa minyororo ya utumwa mwaka 1861. Hakuna aliyewalazimisha wapagazi wale. Walikuwa na jambo moja wasilotaka kulibadili, nalo likawaonyesha njia.

Sasa tulitazame jibu la pili, lililo chungu zaidi. Katika njia iyo hiyo, kwa miaka mingi, ilipita misafara ya pembe na ya watumwa. Viongozi wake hawakupotea. Walijua kila kisima, kila mtemi wa kulipwa hongo, na siku za kufika pwani. Kila asubuhi walitembea wakilikabili jua. Wala tusiwasingizie watu wa kabila moja au dini moja: walikuwamo matajiri wa pwani, walikuwamo wakubwa wa bara waliouza mateka wao, na nyumba za Ulaya na Marekani zilinunua pembe zile kwa vinanda na mipira ya biliadi bila kuuliza zimechukuliwa na mabega ya nani. Wote hao waliijua njia. Walioipoteza mashariki ni wao.

Hapo ndipo twaona hatari ya siku zetu. Kijana atokaye Tabora kwenda Dar es Salaam ana simu mfukoni imwonyeshayo kila mtaa na kila kona. Mama yake apiga simu kuuliza, "Umefika salama, mwanangu?" Swali ni jema, lakini halitoshi. Wangapi kati yetu tumemfundisha mtoto, kabla hajapanda gari moshi, ni jambo gani asilolifanya hata akiahidiwa fedha? Na mnunuzi wa asali ampunjaye mkulima kwa mizani ya uongo, je, yeye amepotea? Njia ya sokoni aijua kuliko wote.

Mashariki hayapatikani kwa hotuba ya siku ya kuagana. Mtoto huyapata akimwona baba yake akirudisha chenji iliyozidi dukani, ingawa hakuna aliyejua. Akimsikia mama yake akikiri ukweli umtiao hasara. Akiona msichana wa kazi akilishwa chakula kile kile wanachokula wenye nyumba. Mambo hayo ni madogo. Lakini jua nalo huchomoza kila siku bila kelele, na msafiri hulitegemea.

Yule mwana mpotevu wa Injili alikosa karibu yote: mali, marafiki, heshima, hata chakula. Jambo moja halikumtoka: alikumbuka nyumba ya baba yake iko upande gani, na katika nyumba hiyo hata watumishi hula wakashiba. Kwa sababu hiyo aliweza kurudi. Wazazi, hatuwezi kuwazuia watoto wetu wasikose njia, maana njia ni nyingi na dunia ni pana. Lakini yatupasa kuwapa nyumba ya namna ile, ambayo wakiikumbuka siku ya taabu watajua waelekee wapi.