Je, Ni Haki Kuikumbuka kwa Furaha Enzi Iliyowaliza Wengine?

Kila likizo nirudipo Koboko, jioni humkuta babu yangu chini ya mwembe pamoja na wazee wenzake wawili. Mbele yao huwa na chungu cha kwete, na kata moja inayozunguka kutoka mkono hadi mkono. Kata haijamaliza mzunguko wa pili, mazungumzo yamekwisha kuhamia Arua ya miaka ya 1970. Hapo wazee hawa wenye magoti mabovu huwa vijana tena.

"Mjukuu wangu," babu huniambia, "enzi zetu mshahara ulikuwa mshahara." Kisha huhesabu: shati jipya, viatu vya kung'aa, nauli ya lori kutoka Koboko hadi Arua kwenye barabara ya vumbi, na fedha za kunywa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Hutaja baa walizoingia, santuri za Franco na Tabu Ley zilizovuka mpaka kutoka Zaire, na msichana mmoja aliyewacheza wote watatu hadi wakachoka, akaondoka na mtu wa nne. Wazee hucheka hadi machozi yakawatoka. Nami hucheka nao.

Hadithi hizi nilizipeleka chuoni Kampala. Usiku mmoja, umeme ulipokatika hosteli, nikawasimulia wenzangu, nami nikaiga sauti ya babu: "Enzi za Amin tuliishi!" Wote walicheka isipokuwa mwenzangu wa chumba, anayetoka Lira. Alingoja kicheko kiishe, kisha akasema kwa upole kwamba babu yake alikuwa askari katika kambi ya Jinja, na kwamba 1971 ndio mwaka wa mwisho wa habari zake. Hakusema zaidi. Alilala akiwa ameelekea ukutani.

Tangu usiku ule swali moja limenikaa kooni. Je, mtu ana haki ya kuikumbuka kwa furaha enzi iliyowaliza wengine?

Historia yenyewe haina utata mkubwa. Idi Amin, ambaye Koboko ilimhesabu kuwa mtoto wake, alitwaa madaraka Januari 1971. Mwaka huohuo askari wengi wa Kiacholi na Kilango waliuawa ndani ya kambi zao, zikiwemo zile za Jinja na Mbarara. Agosti 1972 alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika muda wa siku 90. Maduka na viwanda vyao viligawiwa wengine, wengi wao wakiwa wanajeshi na watu waliojuana na wanajeshi. Baadaye sukari, chumvi na sabuni zikaadimika, na neno magendo likawa neno la kila siku. Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na ya Waganda waliokuwa uhamishoni.

Na mzigo wa enzi hiyo ulitushukia sisi wa West Nile baada ya enzi yenyewe kwisha. Kuanzia Oktoba 1980 majeshi ya serikali mpya yalilipiza kisasi Arua na Koboko, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Katoliki ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, waliuawa na wanajeshi. Babu na bibi walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka. Walikaa ukimbizini miaka sita, na mtoto wao wa kwanza alizikwa huko.

Jibu la kwanza la swali langu ni kwamba kumbukumbu haina hatia. Babu hamtamani Amin. Anautamani ujana wake. Anautamani mgongo uliobeba gunia la tumbaku bila kulalamika, na marafiki ambao sasa ni makaburi. Mzee wa umri wake huko Lira au Mwanza huwa na hamu hiyohiyo. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake, alishangazwa na jambo hili: kwamba twaweza kuikumbuka huzuni iliyopita tukiwa na furaha, na furaha iliyopita tukiwa na huzuni. Kumbukumbu ina moyo wake yenyewe.

Jibu hili ni zuri, lakini halitoshi. Nililiona pengo lake likizo iliyopita, nilipomuuliza babu kazi aliyoisifu sana aliipataje. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza. Kabla ya 1972 alikuwa mchukuzi wa mizigo katika duka la Mhindi mmoja mjini Arua. Mwenye duka alipofukuzwa, duka alipewa mwanajeshi ambaye hakujua hesabu, naye babu, aliyekuwa amesoma madarasa machache, akapewa funguo akawa karani. Ndani ya saraka ya meza alikuta daftari la madeni lililoandikwa kwa Kigujarati. Hakuna aliyeweza kulisoma, na wadeni wa mji walifurahi. Nusu ya kurasa zilikuwa tupu.

"Karatasi ilikuwa adimu," babu alisema. "Niliendelea pale alipoishia."

Kwa hiyo mshahara ule, viatu vile na bia zile za Ijumaa zilitoka katika kiti ambacho mtu mwingine aliinuliwa kwa nguvu. Furaha ya babu ilikuwa ya kweli, lakini kuna aliyeilipia. Hatuwezi kusema tu kwamba ni ujana.

Jibu la pili ni kali: basi anyamaze. Asiikumbuke enzi ile ila kwa majuto. Hili pia nalikataa, kwa sababu mbili. Kwanza, kijana maskini wa miaka 22 hakumfukuza mtu yeyote. Alipewa funguo akazishika, na sijui ni wangapi kati yetu, wenye umri uleule leo na ajira zilivyo, tungezirudisha. Pili, na hili ndilo zito kwangu, kusema kwamba kila aliyecheka chini ya Amin ana damu mikononi ni kurudia hoja ileile iliyotumika Ombaci. Waliouawa pale walihesabiwa kuwa watu wa Amin kwa sababu tu ya mahali walipozaliwa.

Mtazamo wangu ni huu. Kuna tofauti kati ya kusema "nilifurahi" na kusema "kulikuwa kuzuri." Sentensi ya kwanza ni ushahidi wa mtu juu ya maisha yake, na hakuna awezaye kumnyang'anya. Sentensi ya pili ni hukumu juu ya enzi nzima, na hukumu haitolewi kwa shahidi mmoja. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Babu alilala katika kitanda kimoja tu. Nchi ilikuwa na vitanda vingi.

Hata chini ya mwembe wetu vitanda havikuwa sawa. Bibi, ambaye ndiye apikaye kwete yenyewe, alipowasikia wazee wakisifu usiku wa Arua, alisema bila kuinua kichwa kutoka jikoni: "Ninyi mlikuwa mkinywa. Sisi tulikuwa tukipika, na kungoja mrudi salama." Wazee walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

Kukumbuka humjia mtu bila hiari, kama usingizi, na hakuna wa kumlaumu. Lakini kusimulia ni tendo, na kila tendo lina wajibu wake. Asimuliaye anawajibika kuacha nafasi kwa yule ambaye hakuwapo kwenye meza. Babu aliniachia nafasi hiyo mara tu nilipomuuliza, hakulificha daftari. Aliyekosa ni mimi. Nilichukua baa, santuri na viatu nikavipeleka Kampala, nikasimulia kana kwamba hapakuwa na kingine cha kuuliza. Tena, babu ameilipia kumbukumbu yake kwa miaka sita ya ukimbizi na kaburi la mtoto. Mimi niliirithi bure, kisha nikaifanya kichekesho. Nadhani kizazi chetu ndicho chenye hatari zaidi, maana tunaitamani enzi ambayo hata hatukuiishi.

Niliporudi chuoni nilimwomba mwenzangu radhi, nikamsimulia habari ya daftari na habari ya Ombaci. Alisikiliza. Kisha akaniambia kwamba bibi yake naye husimulia habari za Jinja: jinsi mumewe alivyopiga pasi suruali siku ya mshahara, jinsi walivyokwenda dansini wakirudi kwa miguu usiku. Hadithi zake ni tamu kama za babu yangu, alisema, ila zote zinaishia mwaka mmoja.

Sikuwa na la kujibu. Niliwaza kwamba wale vijana wawili, mmoja Arua na mmoja Jinja, huenda walicheza santuri moja katika mwaka mmoja. Mmoja alibahatika kuzeeka, akapata muda wa kuutamani ujana wake chini ya mwembe. Sitamnyima babu mwembe wake. Lakini nitakapousimulia ujana wake tena, nitataja kwamba kuna mwenzake ambaye hakufika uzeeni.