Maneno ya Chifu Seattle

Kama umewahi kukaa kwenye warsha ya uandishi, huenda jina la Joseph Campbell umelisikia. Ndiye aliyesema, katika kitabu chake cha mwaka 1949, kwamba shujaa wa hadithi za dunia nzima ni mmoja tu, ila ana sura elfu. Mwaka 1988 televisheni ya umma ya Marekani ilionyesha The Power of Myth, filamu ya makala yenye sehemu sita, ambamo mzee huyo anazungumza na mwandishi wa habari Bill Moyers kuhusu visasili. Campbell alikuwa amekwishafariki mwaka uliotangulia.

Filamu yenyewe naipenda, nisiseme uongo. Imejaa vinyago, miungu ya India, wawindaji wa kale, hata vipande vya Star Wars. Lakini hebu fumba macho usikilize tu. Picha ni za mataifa mengi. Wanaozungumza ni wanaume wawili, Wazungu wa Marekani. Wenye visasili wanaonekana, hawaongei.

Basi utasema, si wangeongeza wasemaji? Ngoja kwanza. Kuna mahali Campbell anayaleta maneno ya mwenyeji, Chifu Seattle, aliyeishi pwani ya Puget Sound, kaskazini-magharibi ya Marekani. Eti Rais wa Washington anataka kununua ardhi, na chifu anajibu kwamba ardhi hainunuliki, sote tu ndugu. Maneno matamu kwelikweli. Tatizo ni kwamba Seattle hakuyasema. Yaliandikwa na Ted Perry, Mmarekani mweupe aliyetunga maelezo ya filamu nyingine, Home, ya mwaka 1972, na jina lake kama mtunzi halikuwekwa. Katika maandishi ya Perry chifu anasema ameona nyati waliooza, waliopigwa risasi na watu waliokuwa ndani ya treni. Nyati, Puget Sound? Seattle alifariki mwaka 1866, na reli ya kuvuka bara ilikamilika 1869!

Simshitaki Campbell kwa uongo. Naamini alidanganyika kama wengine. Ninachouliza ni kwa nini ilikuwa rahisi hivyo. Nadhani ni kwa sababu chifu huyu anakubaliana nasi kwa kila jambo. Anapenda mito, anasikitika kwa upole, hamdai mtu chochote. Kuna maandishi ya zamani zaidi, ya Dk. Henry Smith, yaliyochapishwa gazetini mwaka 1887, zaidi ya miaka thelathini baada ya hotuba. Nayo yana mashaka yake, maana Seattle hakuhutubia kwa Kiingereza. Ila humo chifu anawaonya Wazungu kwamba wafu wa kabila lake watabaki palepale, na usiku, wakidhani mitaa ni mitupu, hawatakuwa peke yao. Huyo si mzee wa kubandikwa ukutani. Anatisha kidogo.

Kwangu mimi hapo ndipo penye swali la haki. Kumweka mtu kwenye filamu si kazi. Kazi ni kumwachia aseme kitu ambacho wewe mtengenezaji hukutaka kukisikia. Na sisi chipukizi tusicheke sana: ni hadithi zetu ngapi zina bibi wa kijijini anayetema methali, na kila methali inaunga mkono hoja ya mwandishi?

Mshikaji wangu mmoja ananibishia. Anasema maneno ni mazuri na yamewafanya watu wapende misitu, sasa hasara iko wapi? Hoja yake ina uzito, na sijaimaliza. Ninachomjibu ni kwamba kaburi la Seattle liko Suquamish, ng'ambo ya maji kutoka jiji lenye jina lake, na watu wake wapo hapo mpaka leo. Moyers na Campbell walirekodi sehemu kubwa ya mazungumzo yao California, mwaka 1985 na 1986. Kutoka hapo hadi Suquamish ni safari ya ndege ya saa chache na kivuko kimoja.