Hisa za Japani: Miaka 34 ya Kungoja

Kama unafikiria kuweka sehemu ya akiba yako kwenye hisa za Japani, wazo lako si baya. Nchi hiyo ina kampuni imara, na soko la Tokyo ni kati ya makubwa duniani. Lakini kabla hujatoa fedha, sikiliza habari ya watu walioingia soko hilo mwishoni mwa miaka ya 1980. Kosa lao linaweza kuwa langu au lako kesho.

Februari 1987, hisa za NTT, kampuni ya simu iliyokuwa mali ya serikali, ziliingia sokoni. Waliozitaka walikuwa wengi mno, ikabidi kura ipigwe kupata wa kuuziwa. Watu wa kawaida, wengine wakinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani, walilipa yeni 1,197,000 kwa kila moja. Baada ya miezi miwili bei ilishapita yeni milioni 3. Novemba mwaka huohuo serikali iliuza nyingine kwa yeni milioni 2.55, na wanunuzi wakapatikana. Kufikia 1992, bei ya hisa hiyo haikufika hata nusu ya fedha waliyolipa hawa wa pili.

Soko zima lilipita njia hiyo. Tarehe 29 Desemba 1989, kipimo cha bei za hisa cha Nikkei kilifunga kwenye 38,915. Mwisho wa 1990 kilikuwa 23,848. Machi 2009 kikafika 7,054. Kilele kile cha kwanza hakikupitwa hadi 22 Februari 2024. Aliyenunua siku ya kilele akiwa na miaka 40 alikuwa mzee wa miaka 74.

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwepo. La kwanza lilikuwa bei yenyewe: hisa ziliuzwa kwa takriban mara 60 ya faida ya mwaka ya kampuni, huku gawio likiwa halifiki hata asilimia 1. Mnunuzi hakuwa akilipia kazi ya kampuni. Alikuwa akitegemea kwamba atatokea mwingine wa kulipa zaidi. La pili lilikuwa mikopo. Benki zilikopesha kwa dhamana ya ardhi iliyopanda bei kupita kiasi, na kampuni za viwanda nazo zikatafuta faida kwenye hisa badala ya viwandani. La tatu lilitoka Benki Kuu ya Japani, iliyopandisha riba mara tatu mwaka 1989. Mara ya tatu ilikuwa 25 Desemba, siku nne tu kabla ya kilele.

Kwa nini watu hawakujali? Kwa sababu kila aliyeonya mapema alionekana mjinga mwaka uliofuata, bei zilipozidi kupanda. Hapo ndipo nami naogopa. Ni vigumu kukaa pembeni ukiwaona wenzako wanapata.

Leo soko hilo limerudi kuvutia, lakini halijaacha kutikisika: tarehe 5 Agosti 2024 Nikkei ilianguka kwa zaidi ya asilimia 12 kwa siku moja. Na sisi tunaonunua kutoka nje tuna mzigo wa ziada, yeni. Hisa ikipanda huku yeni ikishuka, faida inaweza kuyeyuka tunapobadilisha fedha.

Basi tushike haya. Hisa za Japani ziwe sehemu ya akiba yetu, zisiwe akiba yote. Tusinunue kwa mkopo, wala kwa ada ya shule ya mwakani. Tununue kidogo kidogo kwa miaka mingi; waliofanya hivyo Japani walipata pia hisa za bei ya chini, na hawakulazimika kungoja miaka 34 ili fedha yao irudi. Na kila tunapotaka kununua, tuulize kwanza kampuni hii inapata faida kiasi gani na sisi tunailipia mara ngapi. Tukikosa jibu, tusinunue, hata kama mtaa mzima unanunua.