Harufu Ndani ya Mashua

Masomo: Mambo ya Walawi 14:33–48, Yoshua 7, Waebrania 13:12–13



Ninyi mkaao Tabora mwaijua njia ya zamani iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika kwetu Unyanyembe, kisha ikaendelea magharibi hata Ujiji penye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga kwa miguu yao, wakichukua mabegani mizigo ya watu wengine. Hata mashua zilipita nchi kavu. Mwaka 1882 wamisionari wa London Missionary Society walitoka pwani na mashua ya chuma, jina lake Morning Star, ikiwa vipande vipande. Nao wakaifikisha Ujiji mwaka 1883, ikaungwa, ikatwekwa tanga. Baadaye ikaja reli, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa reli hiyo sisi nasi tulishuka ziwani, tulipotumwa kuwatembelea ndugu wakaao kando ya maji. Katika safari ile tulifundishwa jambo, nalo twataka kuwaandikia leo.

Tulipanda mashua ya mbao yenye tanga, na shetrini mwake mlikuwa na injini ndogo ya dizeli ya kusaidia wakati upepo unapokosekana. Siku ya kwanza tulisikia harufu ya dizeli, tukasema, itapita. Siku ya pili ilikwisha kuingia katika nguo, katika unga na katika dagaa. Siku ya tatu tulifika kijijini kwa ndugu, tukafungua sanduku letu ili tuandae Meza ya Bwana, na tazama, mkate ulikuwa ukinuka dizeli, wala kijiji hakikuwa na mkate mwingine. Ndugu wale walikuwa wamengoja miezi mingi. Tukawahubiri Neno, tukawaombea wagonjwa wao. Lakini Meza hatukuweza kuiandaa.

Basi mabaharia wakafanya mambo mawili, ambayo wanadamu huyafanya kila wasikiapo harufu mbaya. Kwanza, walifukiza udi. Kwa saa moja chombo kikanukia kama nyumba ya arusi, kisha dizeli ikarudi, na udi ndani yake, ikawa mbaya kuliko kwanza. Pili, walitafuta mtu wa kumtwika neno lile. Alikuwapo kijana ambaye kazi yake ilikuwa kuchukua dumu la mafuta, naye hulilaza omo. Na harufu ilikuwa kali zaidi huko omo. Nahodha, ambaye ndiye mwenye chombo, akamwambia, "Ni wewe uliyemwaga." Kijana akajibu, "La, nahodha, sikumwaga hata tone." Hakusadikiwa. Akashushwa pwani ya kijiji kile bila ujira, arudi kwao kwa miguu. Nasi tulikuwapo, tukanyamaza, maana tulikuwa wageni katika chombo, na jambo lenyewe lilionekana wazi. Twaliandika neno hili kwa haya.

Kijana alikwenda zake, harufu haikwenda.

Tuliporudi Ujiji, nahodha akamwita fundi mmoja mzee, ambaye si mtu wa dini yetu, lakini alikuwa na hekima ya kazi yake. Nahodha akamwonyesha omo, akasema, "Mzee, harufu i hapa." Fundi akatikisa kichwa, akasema, "Mwanangu, hapa ndipo inaposikika. Itokako hatujapajua bado. Tena pua yako imekwisha kuchoka. Umelala na harufu hii siku nyingi, huwezi kuipima. Shuka, ukae nchi kavu, urudi kesho."

Asubuhi alitoa kila kitu katika chombo: mbao za sakafu, kamba, mizigo, hata mawe ya uzito. Akakumba maji ya ngama, nayo juu yake yalikuwa na utando wa mafuta. Maana dizeli ni nyepesi kuliko maji, huelea, huchukuliwa popote maji yaendako. Maji hayo hakuyamwaga ziwani, kwa kuwa watu huyanywa; aliyatia katika pipa. Kisha akaosha ngama kwa sabuni na maji ya moto, akaikausha kwa matambara hata ikawa kavu kabisa. Nahodha akaona uchungu kwa kazi nyingi namna ile, akauliza, "Mzee, mbona huzibi kwanza?" Akajibu, "Nizibe nini? Palipo na mafuta ya jana, nitalijuaje tone la leo?"

Ndipo akaanza kwenye tanki, akafuata bomba kiungo kwa kiungo hata injini. Kila kiungo alikipaka unga wa chaki, na chini yake akalaza karatasi nyeupe. Injini ilipokuwa imelala, karatasi zote zilibaki nyeupe. Alipoiwasha, ikapata moto na kutetemeka, chaki ya mahali pamoja ikageuka rangi: pale bomba linapoungwa na chujio. Hapo palikuwa na ringi ya shaba. Shaba ikiisha kubanwa mara moja hushika umbo na kuwa ngumu. Ikifunguliwa na kubanwa tena bila kulainishwa kwa moto, huenda isizibe. Ringi ile ilikuwa imekwisha kutumika. Tone lilitoka shetrini, likateremka kwenye mataruma, likaelea juu ya maji ya ngama, na chombo kilipoinama likachukuliwa mpaka omo, chini ya dumu la yule kijana.

Fundi akauliza, "Nani aliyebadili chujio hili?" Nahodha akanyamaza muda, kisha akasema, "Ni mimi. Niliirudisha ringi ya zamani, ili nisitoe fedha kwa mpya."

Wapendwa, someni sasa sura ya 14 ya Walawi, mtaona ya kuwa kuhani wa kale alifanya kazi kama fundi huyu. Nyumba yenye pigo kwanza hutolewa vitu vyote. Hutazamwa, hufungwa siku saba, hutazamwa tena. Mawe yenye pigo hung'olewa na kutupwa nje ya mji, na mengine hutiwa mahali pao. Hatusomi kwamba kuhani alifukiza ubani ukutani, wala kwamba alimshitaki mtumwa wa nyumba. Tena katika Yoshua sura ya 7, ingawa Israeli yote ilikuwa imeshindwa vitani, kabila zilisongezwa moja moja, kisha jamaa, kisha nyumba, kisha mtu mmoja mmoja. Na Mungu mwenyewe ndiye aliyeonyesha. Hawakumkamata mtu kwa kukisia.

Neno hili ni la nchi yetu hasa. Ng'ombe akifa, mtoto akiugua, mvua ikikawia, watu husikia harufu, na kabla ya kukausha ngama hutaja jina. Hapa Unyamwezi, na kwa jirani zetu Usukuma, wako akina mama wazee waliouawa kwa panga kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu. Na macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa jikoni, miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Je, Mkristo aliyekaa katika baraza ambamo jina la bibi kama huyo lilitajwa, naye akanyamaza, yuko mbali na damu yake? Sisi tulionyamaza katika mashua twaogopa kujibu upesi.

Hata katika sharika ni vivyo hivyo. Fedha za mavuno zikipungua, kwaya ikigawanyika, ibada ikiwa baridi, tusikimbilie kushona sare mpya, ambazo ni udi wetu. Wala tusimtafute mdogo asiye na wa kumtetea. Na tuanze na viungo tulivyovifunga sisi wenyewe. Luther, katika Katekismo Ndogo, afundisha kwamba atakaye kuungama ajitazame mahali Mungu alipomweka, kwa nuru ya Amri Kumi: kama baba, kama mama, kama mtoto, kama bwana, kama mtumishi. Hicho ni kiungo kwa kiungo, na karatasi nyeupe chini yake. Msijipime mkiwa mmelala tu. Siku ya Jumapili, tukiimba, karatasi zetu zote ni nyeupe. Jipimeni sokoni, shambani, na usiku nyumbani mwenu, injini ikiwa moto. Na ndugu atokaye nje akisema anasikia harufu, msimkasirikie. Pua yake haijachoka.

Jambo la mwisho. Fundi alitia ringi mpya, na siku ya pili harufu ilikuwapo bado. Nahodha akafadhaika. Mzee akamwambia, "Mbao zimekunywa mafuta muda mrefu, zitatoa harufu siku kadhaa. Usiulize pua, tazama karatasi." Karatasi ilikuwa nyeupe. Wako kati yenu watu waliotubu kweli na kusamehewa, nasi twaendelea kuwasikia harufu ya zamani. Kuhani, akiona kwamba pigo halikuenea baada ya nyumba kutengenezwa, huitangaza kuwa safi. Basi tusiwarudishie hukumu wale ambao Bwana amewatangaza kuwa safi.

Lakini fundi hulipwa na mwenye chombo. Deni letu nani alilipa? Yule kijana alishushwa pwani kwa kosa la mwingine, naye hakupenda. Bwana wetu Yesu alitolewa nje ya lango kwa makosa yetu, akaenda kwa hiari yake. Alijua ringi ni ya nani, wala hakumtaja mwenyewe ili aaibishwe; aliuchukua mzigo ule mabegani, kama mpagazi, hata mwisho wa njia. Kwa hiyo hatuna sababu ya kuogopa chaki na karatasi. Tukionyeshwa mahali panapovuja, si ili chombo kichomwe moto, bali ili kitengenezwe.

Nahodha alikwenda nyumbani kwa mama yake yule kijana, nasi tukafuatana naye. Akampa ujira wake wote, akasema mbele ya mabaharia, "Mwanangu, nilikuonea. Nisamehe." Nasi tukasema vivyo hivyo, kwa kuwa tulinyamaza. Kijana akatazama chini, akasema, "Yamekwisha, wazee wangu." Mwezi uliofuata tulivuka tena pamoja naye, tukaifungua Meza kwa ndugu wale, na mkate ulinukia ngano.

Na tuombe. Ee Bwana, utuchunguze kabla hatujawachunguza wengine. Utuonyeshe mahali tunapovuja, ututengeneze, na utufundishe kumtetea yeye asiye na wa kumsemea. Kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.