Anayetibu Naye Ana Haki

 

Wengi wetu tusafirio baina ya Mombasa na Nairobi twapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, miji ya Makueni, na macho yetu yako barabarani. Ni wachache wajuao hali ya zahanati za vijijini, huko Makueni na kwa jirani zao wa Kitui, ambako mara nyingi muuguzi mmoja au wawili ndio wapimao, wachomao sindano, wazalishao, watoao dawa na waandikao madaftari. Leo twataka kusema juu ya watu hawa, kwani khabari yao ni khabari yetu.

Katiba ya mwaka 2010 iliamuru kazi ya afya ishuke kutoka Serikali Kuu iende kwa kaunti. Kaunti zilipoanza mwaka 2013, aliyekuwa mtumishi wa Wizara alijikuta chini ya bwana mwengine. Mshahara wake, cheo chake na uhamisho wake vikaingia mikono mipya. Mwaka uo huo, tarehe 1 Juni, ada ziliondolewa katika zahanati na vituo vya afya vya serikali, na kuzalishwa kukawa bure. Na mwaka 2016 Makueni walianzisha mpango wao: nyumba moja italipa shilingi 500 kwa mwaka, na watu wake watatibiwa katika hospitali za kaunti pasipo kutozwa tena.

Haya ni kheri, wala hatuyakanushi. Kumfungulia maskini mlango wa dawa ni katika mambo mema kabisa. Lakini mlango ukifunguliwa watu wataingia. Na waingiao wakizidi, wapokeao wasizidi, mzigo wamwelemea nani? Ni yule yule muuguzi. Apewa amri mpya, fomu mpya na wakubwa wapya, wala hakutakwa shauri. Hapo ndipo moyo uchokapo kabla ya mwili. Mtu huja kazini, huruma yake imekwisha. Hujibu kwa ukali, na mgonjwa huondoka akinung'unika.

Na akisema msemaji: "Hawa walipwa mshahara, basi wasubiri," twamjibu: Subira ni sifa ya mwenye kudhulumiwa, si hoja ya mwenye kudhulumu. Dini yetu imefundisha kuwa mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na kwamba mtumishi asibebeshwe asiloliweza. Na akibebeshwa, asaidiwe. Basi kucheleweshewa mshahara na kulemezwa kazi si mambo madogo.

Tuliona mwaka 2017 wauguzi wa Kenya wakigoma tangu Juni hata Novemba, wakidai mapatano ya malipo yao yatimizwe. Walioumia zaidi ni mafukara, wasioweza kwenda kwa dakitari wa kulipwa. Kinyongo kilichopuuzwa juu kilishuka kikamwangukia mzazi na mtoto mchanga.

Kwa hivyo twanasihi pande tatu. Watawala: kabla ya kutangaza jambo jipya, hesabuni mikono itakayolifanya, na washaurini wenye mikono hiyo, mashauri ni amri ya dini, wala si hisani. Wauguzi na matabibu: mmedhulumiwa na mkubwa, lakini mgonjwa hakuwadhulumu; dai haki yako kwa aliye nayo, wala usimlipize aliyekuja kwako hajiwezi. Nasi watu wa mji: killa kaunti ya pwani, Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu, ina mpango uo huo wa utawala, na wauguzi wetu wabeba mizigo iyo hiyo. Tuache kuwatukana foleni ikiwa ndefu. Zahanati zina kamati za wenyeji. Na waingie humo watu waaminifu, waulize dawa ziko wapi na mishahara imefika lini. Kulalamika barazani hakujamponya mgonjwa hata mmoja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape nguvu wanaotutibu, awape insafu wanaotutawala, na atupe sisi shukrani na adabu. Amin.